Nyumba ya Mlimani na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na hasa kina mama ambao ndio walinzi wa nyumba zetu, kuna swali ambalo katika darsa zetu halikomi kuulizwa. Mzee amefariki. Nyumba yake ni ya zamani na iko katika mtaa wa zamani. Sasa amekuja mnunuzi mwenye fedha nyingi, wala si mwenyeji wa hapo. Watoto wamegawanyika: mmoja ataka kuuza leo kabla ya kesho, mwingine asema nyumba ya wazee haiuzwi, na dada yao ameketi kimya kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Je, sheria yetu yasemaje?

Jawabu la mkato ni kwamba kuuza nyumba si haramu. Allah (s.w.t.) amehalalisha biashara na kuharamisha riba, na mwenye mali ana uhuru wa kuitumia mali yake katika njia ya halali. Lakini mauzo yanayosihi mbele ya sheria yaweza bado kuwa yamepungukiwa na wema, na mauzo yanayofanywa kwa haraka yaweza kuwa yamemeza haki ya mtu. Ili tulifahamu jambo hili vizuri, wiki hii natuutazame mtaa mmoja wa Waislamu ulio mbali na kwetu, ambao mtihani huu umeufika kwa nguvu kubwa. Mtaa huo ni Bo-Kaap, katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini.

Mtaa ulio juu ya mji

Jina Bo-Kaap kwa lugha ya Kiafrikana maana yake ni upande wa juu wa Cape. Nalo ni jina la haki, kwani mtaa umekaa kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Signal Hill, na mji umelala chini yake. Njia zake ni za kupanda, na baadhi zimetandikwa mawe. Nyumba zake zimeshikana safu kwa safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, mapaa yake mengi ni bapa, na kuta zimepakwa rangi za kung'aa ambazo watalii huja kuzipiga picha. Mbele ya nyumba huwa pana kibaraza cha kuketi, na mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa akikiona hatahitaji kuelezwa kazi yake. Sisi twakiita baraza. Wao wakiita stoep.

Waislamu wa kwanza hawakufika huko kwa hiari. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India iliwachukua watu kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia, kutoka India, Ceylon, Madagaska na hata pwani ya Msumbiji, ikawaleta Cape kama watumwa, na wengine kama wafungwa wa kisiasa. Mmoja wa wafungwa hao alikuwa mwanachuoni wa kisiwa cha Tidore, Imam Abdullah bin Qadhi Abdus Salaam, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tuan Guru. Alifikishwa Cape mwaka 1780, akafungwa katika kisiwa cha Robben. Huko aliuandika msahafu kwa mkono wake kutokana na hifdhi iliyokuwa kifuani mwake. Alipoachiliwa alianzisha madrasa, na akawa imamu wa kwanza wa msikiti wa kwanza wa nchi ile, Msikiti Auwal wa barabara ya Dorp, ambao historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1794.

Nyumba za kwanza za mtaa huo zilijengwa katika karne ya 18 na Mzungu aitwaye Jan de Waal, kwa ajili ya kukodisha. Baadaye, utumwa ulipofutwa mwaka 1834 na walioachwa huru wakapata kuhama kwa mabwana zao, wengi walipanda kilimani wakafanya makazi. Walikuwa waashi, maseremala, washonaji na wavuvi. Kwa watu waliokuwa wakiuzwa wao wenyewe sokoni, kuwa na mlango wa kufunga usiku lilikuwa jambo kubwa mno.

Mwanamke aliyekuwa na hati

Hapa nataka kina mama watulie kidogo. Ule msikiti wa kwanza haukujengwa juu ya ardhi ya sultani wala ya tajiri wa ukoo. Ardhi ilikuwa mali ya Coridon wa Ceylon, mtu aliyekuwa mtumwa kisha akapata uhuru. Baada yake iliingia mikononi mwa binti yake, Saartjie van de Kaap, na ni yeye aliyeitenga iwe msikiti.

Yatafakarini mambo mawili katika habari hii. La kwanza, mwanamke huyo aliweza kutoa kwa sababu alikuwa amepewa. Lau haki yake ingemezwa kwa kuwa yeye ni mwanamke, asingekuwa na cha kukitenga kwa ajili ya Allah. La pili, zaidi ya miaka 200 imepita, thamani ya ardhi ya mtaa ule imepanda mara zisizohesabika, nyumba zimeuzwa na kuuzwa tena, lakini pale pahali pamoja bado panaswaliwa. Kilichotolewa kwa ajili ya Allah hakikuingia sokoni.

Nyuma ya mtaa, juu zaidi mlimani, yako makaburi ya Tana Baru, ambayo Waislamu waliyapata mwaka 1805. Tuan Guru, aliyefariki mwaka 1807, amezikwa hapo. Serikali ya Waingereza ilipoyafunga mwezi wa Januari 1886, siku mbili tu baadaye maelfu ya Waislamu walipanda na jeneza la mtoto wakamzika hapo kwa kuipinga amri. Kwao kilima kile kilikuwa mahali walipolala wazee wao na waalimu wao.

Bei ilipopanda mlima

Katika zama za ubaguzi wa rangi, sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi za watu ilivunja mitaa mingi ya Cape Town. District Six, mtaa ulio upande wa pili wa mji, ulitangazwa mwaka 1966 kuwa wa Wazungu peke yao, na watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa. Bo-Kaap ulinusurika na tingatinga, kwa kuwa ulikuwa umetangazwa kuwa eneo la wale walioitwa Wamalay. Hata hivyo majirani wao waliohesabiwa kuwa wa kabila nyingine walilazimishwa kuhama.

Ubaguzi ukaondoka mwaka 1994, na mtu akawa huru kununua popote. Hiyo ni neema, wala hapana mwenye akili anayetamani ya zamani. Lakini uhuru huo ulikuja na mtihani wake. Mtaa ulio juu ya mji, wenye kuiona bahari upande mmoja na mlima wa Table Mountain upande mwingine, ambao kutoka kwake mtu hufika kati ya mji kwa miguu, ni mtaa unaotamaniwa. Wakaja wanunuzi wa nje na makampuni ya ujenzi. Nyumba nyingine zikawa za kupangisha watalii kwa usiku mmoja mmoja, na majengo marefu yakaanza kuinuka pembeni.

Kina mama, sikilizeni jinsi bei inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kuwa asiyeuza hayamhusu. Baraza la jiji hutoza kodi ya nyumba kwa kadiri ya thamani yake. Jirani mmoja akiuza kwa bei kubwa, na wa pili naye akiuza, thamani ya mtaa mzima hukadiriwa upya. Bibi mzee aliye nyumba ya tatu, ambaye hakuuza chochote na kipato chake ni kile kile, huletewa hati ya kodi kubwa kuliko ya jana. Wajukuu zake wakitaka kuoa na kukaa karibu naye hawawezi kununua hata chumba. Hatimaye naye huuza, na watu husema ameuza kwa hiari yake.

Watu wa Bo-Kaap hawakunyamaza. Mwaka 2018 waliandamana, wakafunga njia kuzuia mitambo ya ujenzi, na katika mwezi wa Ramadhani wakafuturu pamoja barabarani. Mwaka 2019 baraza la jiji lilipitisha kanuni maalumu za kulinda urithi wa mtaa huo, na serikali ikatangaza sehemu 19 za mtaa kuwa turathi za taifa. Alhamdulillahi, hayo ni mafanikio. Lakini tuzifahamu kanuni za namna hii zinalinda nini. Zinalinda ukuta usibomolewe ovyo, na zinazuia ghorofa lisiinuke pasipostahili. Hazimzuii mtu kuuza, wala hazimchagulii atakayekaa ndani. Mtaa waweza kubaki na kuta zake zote na rangi zake zote, na bado usiwe na safu tatu za watu wa kuswali Alfajiri.

Jambo hilo si la Cape Town peke yake. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sote tunajua kuwa zipo nyumba za kale huko ambazo wenyewe leo ni watu wa mbali. Kwa hiyo pale sheria ya serikali inapokoma, hapo ndipo kazi ya familia inapoanza. Nayo ina adabu zake katika dini yetu.

Kwanza: warithi wote wajulikane

Mtu akifa, kabla ya kugawa chochote, hutolewa gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi thuluthi. Kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu aliyoyaweka Allah mwenyewe katika Suratun Nisaa. Chukulia mzee ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mali iliyobaki ni nyumba. Tuigawe nyumba hiyo kwa hesabu katika mafungu 40. Mke ana thumuni, yaani mafungu 5. Yanabaki 35: kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Mafungu 7 yale ni ya binti kwa amri ya Allah. Si hisani ya kaka zake, wala hayapungui kwa kuwa ameolewa na anakaa kwa mumewe.

Kwa hiyo ndugu wawili wa kiume wakiiuza nyumba nzima bila ya idhini ya dada na mama yao, wameuza kisichokuwa chao. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo pia ndiyo madhehebu ya wengi wa Waislamu wa Cape, ni kwamba mauzo ya fungu la asiyetoa idhini hayasihi. Na kunyamaza kwa dada aliyeona haya kusema mbele ya kaka zake si idhini. Aulizwe, na jawabu lake liandikwe. Mjane naye asisumbuliwe na wanunuzi wanaoingia na kutoka kupima vyumba ilhali yumo edani. Miezi minne na siku kumi si muda ambao soko haliwezi kuusubiri.

Pili: mshirika, kisha jirani

Sheria yetu ina mlango uitwao shufaa. Maadamu mali haijagawanywa, mshirika mmoja akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile, kwa masharti yaliyofafanuliwa katika vitabu vya fiqhi. Miongoni mwayo ni kuwa asicheleweshe pindi habari inapomfikia. Kwa hiyo dada yule mwenye mafungu 7 si mtazamaji tu. Kaka akimuuzia mgeni fungu lake, dada aweza kumwendea kadhi na kuuliza juu ya haki yake.

Jirani asiyekuwa mshirika, kwa Imam Shafi, hana shufaa ya kulazimisha. Maimamu wa Hanafi wamempa. Lakini hata sisi tusiomlazimisha muuzaji, hatuwezi kuupuuza mwendo wa masahaba. Katika Sahih ya Bukhari imepokewa kwamba Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa wa Mtume (s.a.w.) kisha akaachwa huru, alikuwa na nyumba mbili ndani ya uwanja wa Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad azinunue. Saad alisema hatazidisha juu ya dirhamu 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi alikuwa amekwisha kupewa na mtu mwingine dinari 500 taslimu, nazo ni zaidi. Hata hivyo alimpa Saad, akaeleza kuwa asingefanya hivyo lau hakumsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kwamba jirani ndiye mwenye haki zaidi kwa ajili ya ukaribu wake.

Tazameni, ndugu zangu. Aliyeacha faida ile alikuwa mtu aliyewahi kumilikiwa. Alijua thamani ya dirhamu moja, lakini alijua pia kuwa nyumba haisimami peke yake.

Basi adabu ni hii. Kabla ya kumwita dalali, wajulishwe ndugu wa damu. Wasipoweza, wajulishwe wa ukuta mmoja, kisha watu wa mtaa na msikiti. Wapewe muda unaojulikana, tuseme mwezi mmoja au miwili, na akubaliwe anayeweza kulipa kwa awamu bila ya riba ikiwa muuzaji hana dharura. Jirani naye awe mwadilifu. Asitumie neno ujirani kutaka nyumba kwa bei ya bure, wala asimfungie mwenzake njia ya riziki kwa ahadi zisizotimia. Anayetaka kutangulizwa na aje na fedha.

Tatu: ukweli wa kuta

Nyumba ya mlimani ina aibu zake ambazo mnunuzi hazioni siku ya jua. Maji ya mvua hushuka kutoka kwa walio juu, yakapenya chini ya misingi. Ukuta wa ubavuni ni wa watu wawili, na nyufa zake ni za watu wawili. Nyumba zetu za mawe na chokaa nazo zina unyevu unaofichwa kwa mkono mmoja wa rangi mpya. Mtume (s.a.w.) alipitia rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani akakuta umande, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha chini ya kilicho kikavu, na akabainisha kuwa anayeghushi hayumo pamoja naye. Rangi mpya juu ya ukuta uliooza ina tofauti gani na chakula kikavu juu ya kilichorowa?

Vivyo hivyo ni haramu kumpanga mtu atoe bei ya uongo ili mnunuzi apandishe, na ni haramu kuingilia mauzo ambayo ndugu yako amekwisha kuafikiana. Na mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi na wakili, yenye bei ya kweli.

Asiyetaka kuuza, na anayelazimika

Familia inayotaka kubaki na nyumba ina njia kadhaa. Mrithi mmoja aweza kuwalipa wenzake mafungu yao kwa thamani ya leo, si ya miaka 20 iliyopita. Nyumba yaweza kupangishwa kwa familia ya mtaa, na kodi ikagawanywa kwa mafungu yale yale, dada apate chake kila mwezi bila ya kukumbusha. Na mwenye mali, akiwa mzima na mwenye akili timamu, aweza kuiweka wakfu nyumba au sehemu yake. Akingoja mpaka maradhi ya mauti, hataweza kupita thuluthi bila ya ridhaa ya warithi. Hapa kwetu ipo Tume ya Wakfu, na wapo makadhi wa kuandikisha mambo haya yakaeleweka. Lakini atahadhari anayeitumia wakfu kama hila ya kuwanyima mabinti. Wakfu ni ibada, na ibada haijengwi juu ya dhuluma.

Na yule anayelazimika kuuza, tusimlaumu. Mama mjane anayeuza ili kulipa deni la hospitali au karo za mayatima hajausaliti mtaa. Pengine mtaa ndio uliomwacha, maana hapana aliyemuuliza amelaje wala kodi ya jiji ameilipaje, hata alipokuja mnunuzi ndipo tukakumbuka kuwa yeye ni jirani yetu. Msikiti wenye mfuko wa kuwalipia wazee kodi za nyumba zao, hata kwa mkopo mwema, umefanya zaidi ya hotuba mia za kulaumu wauzaji.

Kwa anayeuza kwa kutaka tu, akumbuke mafundisho yaliyopokewa na Ibn Majah, ya kwamba anayeuza nyumba na asiweke thamani yake katika nyumba nyingine mfano wake, huogopewa kukosa baraka ndani ya fedha hizo. Wengi tumewaona watu waliouza nyumba ya urithi wakanunua gari na kufanya harusi kubwa, na baada ya miaka miwili wakawa wapangaji katika mtaa ule ule waliozaliwa.

Basi wiki hii nawaomba jambo moja. Katika kila nyumba yenye wazee, ulizeni kwa adabu: hati iko wapi, imeandikwa kwa jina la nani, na warithi ni akina nani, wa kiume na wa kike. Andikeni. Fanyeni hivyo mzee akiwa yu hai na akiwa na ulimi wa kusema, kabla mgeni mwenye fedha hajagonga mlango.

Twamuomba Allah azitie baraka nyumba zetu, awaruzuku wajane na mayatima haki zao, awarehemu wazee waliotutangulia, nao waliolala kule kilimani, na atujaalie majirani wema hapa duniani na ujirani wa Mtume wetu huko Akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.